Kadi Moja, Watu Sita

Siku Klara alipoleta habari ya kadi za menyu kwenye kikao cha harusi, Apolonia alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na aliendelea kuchokonoa. Hakuona sababu ya kuacha kazi ya maana kwa ajili ya upuuzi.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Herman, mnunuzi wa dhahabu pale Segese, baba mdogo wa bwana harusi na mwenyekiti wa kamati. Viti vya plastiki vilipangwa uani, soda zimegawiwa, na Klara, katibu, amesimama akipitisha simu yake ili watu waone picha. Klara alikuwa binamu wa bwana harusi, anafanya kazi ofisini Kahama, na alikuwa na kucha ambazo Apolonia alishindwa kuelewa zinaoshaje sufuria.

"Ni kadi ngumu, ina utepe pembeni," Klara alisema. "Mgeni akikaa tu, anasoma. Kianzio, chakula kikuu, kitindamlo, vinywaji. Mwanza siku hizi harusi bila menyu mezani ni aibu."

"Kitindamlo," Apolonia alirudia, kwa sauti ya mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Haya, mwanangu. Endelea."

Bibi harusi alikuwa Noela, binti yake wa mwisho, muuguzi huko Kharumwa. Bwana harusi alikuwa Magesa, fundi mitambo, kijana mpole ambaye Apolonia hakuwa na neno baya juu yake. Hiyo ni sifa kubwa, maana watu waliosalimika na ulimi wa Apolonia pale Segese ungewahesabu kwa vidole na vidole vingine vikabaki.

Kwa maoni yake, haki ya kuwa na ulimi huo aliifanyia kazi. Alikuja Segese kutoka Kishapu akiwa mke mpya wa Donatus, mchimbaji, wakati Segese yenyewe ni vibanda na vumbi. Duara la Donatus, shimo lake la dhahabu, liliporomoka mchana kweupe na Donatus akiwa chini, naye akabaki na mabinti wawili na sufuria moja. Sufuria hiyo ikapika uji wa wachimbaji. Ikapika maharage. Ikaleta sufuria nyingine kubwa kuliko yenyewe, mpaka ikafika mahali harusi, kipaimara na msiba wa upande ule wote haviendi bila Mama Skola, kwa jina la binti yake mkubwa, Scolastika. Alifanya kazi na Salehe, Mwislamu wa mjini, kwa sababu ng'ombe akichinjwa na Salehe wanakula wote, wa msikiti na wa kanisa, na hakuna anayeinuka mezani na kisingizio. Salehe alichinja na kupika. Apolonia alipika na kusema watu. Wakaelewana hivyo miaka ishirini na mitano.

Hakuonja chakula hata siku moja. Alinusa mvuke, basi, akajua chumvi imefika wapi. Kuna bwana mmoja wa suti aliwahi kuomba chumvi mezani kwenye harusi ya watu. Apolonia alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamnyang'anya sahani, akamwambia akale kwao. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka neno chumvi mbele yake.

Sasa mtu wa namna hiyo unamletea kadi yenye utepe!

"Tangu lini pilau likajitambulisha?" aliwauliza wanakamati. "Pilau linanukia kutoka barabarani. Mtu anakuja anafuata pua. Akifika mnampa karatasi imwambie kwamba kile alichokinusa ndicho alichokinusa?"

Wawili watatu wakacheka. Klara hakucheka. "Mama Skola, ni utaratibu tu. Inapendezesha meza."

"Meza inapendezeshwa na nyama."

Wangemjua vizuri wangeona kwamba njiti ilikuwa imevunjika mkononi mwake. Maana chini ya dharau yote hiyo Apolonia alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na jina: Jilala.

Jilala alikuwa kaka yake mkubwa. Donatus alipokufa, Jilala ndiye aliyekuja kuwachukua watoto, akawapeleka Kishapu, akawalea miaka sita kwa maziwa na michembe, viazi vilivyokaushwa, mpaka mama yao aliposimama kwa miguu yake. Noela alijifunza kusema akiwa mgongoni kwa mke wa Jilala. Halafu Scolastika akaolewa, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye ukumbi mmoja Kahama, na Jilala akatoka Kishapu na wazee wenzake, shati limepigwa pasi, na kibuyu cha maziwa mkononi kwa ajili ya binti. Mlangoni walinzi wakamwambia hana kadi. Kadi yake ilikuwa imesahauliwa kwenye droo ya mtu. Akasema yeye ni mjomba. Wakasema wajomba ni wengi. Mmoja akaenda jikoni kumwita Apolonia, naye Apolonia, ameinamia sufuria, akajibu, "Nakuja, pilau linashika chini." Alikwenda baada ya saa nzima. Alikuta kibuyu kimesimamishwa ukutani, na mlinzi akasema wazee wameondoka wakisema wameshiba.

Pilau la siku ile lilisifiwa mpaka Nzega. Jilala hakukanyaga tena kwa dada yake. Walikutana misibani tu, akaitikia shikamoo, akageuka upande.

Noela alipochumbiwa aliomba jambo moja. "Mama, gauni lolote, ukumbi wowote, mimi sina neno. Ila mjomba aje, akae, ale. Akila nitajua yameisha. Asipokula, hiyo harusi mtajua wenyewe." Akaenda mwenyewe Kishapu kumpigia magoti. Jilala alikubali kwa shida, akasema safari hii atakuja na wazee watano, na kila mtu awe na kadi yake mkononi, maana hataki tena kusimamishwa mlangoni mithili ya mwizi wa kuku.

Kwa hiyo Apolonia aliposikia kadi, kadi yoyote, aliuona ule mlango wa Kahama. Makaratasi na Jilala havikukaa pamoja.

Klara, na hapa tumpe haki yake, aliona kitu. Alishusha simu. "Mama, kama kuna sababu tuambie. Mimi hii naifuta sasa hivi, wala hatutagombana."

Ilikuwa nafasi nzuri, mlango wazi kabisa. Apolonia alitakiwa aseme tu: kaka yangu alifukuzwa mlangoni kwa ajili ya kadi, nami sikutoka kumpokea. Lakini mbele yake walikuwa wamekaa wakwe, wote, na soda zao. Awaambie wakwe kwamba alimwacha ndugu yake wa damu nje, kisa pilau? Thubutu! Akatafuta neno lingine la kusema, na kwa Apolonia neno lililokuwa karibu siku zote lilikuwa baya.

"Sababu ni kwamba mtu aliyezoea kula hahitaji kusomewa chakula," alisema. "Anayehitaji karatasi ni yule ambaye kwao walikuwa wanalala njaa."

Herman alikuwa na pete tatu na magari mawili, lakini kila mtu pale alijua kwamba alikulia kwa bibi yake, akiokota mawe ya kusagwa kwenye karasha, mashine ya kuponda mwamba, ili apate mlo. Aliweka chupa yake chini polepole.

"Wanaotaka kadi za menyu wanyooshe mikono," alisema Herman, na wa kwake ndio uliotangulia.

Mikono ikapanda yote, hata ya wale waliokuwa wakicheka. Apolonia akaona ameshindwa, na mtu wa aina yake akishindwa hanyamazi.

"Basi wekeni moja kila meza," akasema, akiinuka na kukung'uta kitenge. "Kama tangazo la mazishi. Watu kumi wachungulie karatasi moja, tuone huo ustaarabu."

"Moja kila meza," Herman akamwambia Klara. "Andika. Hilo ni wazo zuri, mama, ahsante."

Mdomo uliponza kichwa.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Sherehe ilianza saa tisa mchana ili watu wa mbali wawahi kurudi. Apolonia alikatazwa kukanyaga jikoni. Mama wa bibi harusi hapiki, walimwambia, akae meza kuu apendeze. Wakamvika gauni la rangi ya dhahabu lililomwasha kwapani, wakamkalisha nyuma ya maua ya plastiki. Jiko akabaki nalo Salehe.

Alikaa akadharau kila kitu kwa mpangilio, kuanzia dari kushuka chini. Mapazia yaliyofungwa mahali pasipo na dirisha. Keki yenye ngazi, utadhani kuna mtu anataka kuipanda. MC aliyekuwa akipiga kelele "shangwe!" kila alipokosa la kusema. Mwisho akaichukua ile kadi mbele yake, akaisoma kwa kuishikia mbali. Pilau lake lilikuwa limeandikwa "pilau la viungo asilia". Ebo! Kwani viungo vingine ni vya plastiki? Kachumbari ilikuwa imeitwa "saladi ya msimu". Tikiti maji lilikuwa kitindamlo. Akairudisha mezani kifudifudi.

Jilala alikuwa amefika. Apolonia alimwona tangu wakati wa kuingia, mrefu bado, mgongo umepinda kidogo, na wazee wake watano nyuma, kila mmoja na kadi ya mwaliko mkononi imeshikwa kwa vidole viwili isichafuke. Mlangoni walinzi walizipokea kadi zote sita na kuwakaribisha kwa heshima. Kamati iliwaweka meza ya kumi na saba, nyuma kabisa, karibu na spika. Mjomba wa bibi harusi, karibu na spika! Apolonia aliimeza hiyo. Muhimu yuko ndani.

MC akaanza kuita meza kwenda kuchukua chakula. Ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Watu walipanga foleni na sahani, wakirudi na milima. Ikafika kumi na saba.

Hakuna aliyeinuka.

MC akaita tena. Wazee sita walikaa wima, mikono magotini, wakitazama mbele. Mbele ya Jilala ilikuwa imesimama ile kadi yenye utepe. MC akasema "shangwe!" na kuita ya kumi na nane. Mhudumu mmoja, jina lake Kijakazi, aliwainamia, akaongea nao, akaja meza kuu akiwa amekunja uso. "Wanasema wameshiba," akasema.

Noela alisikia. Tabasamu alilolibeba tangu kanisani likaondoka usoni. "Mama," alisema. "Mjomba hali."

Wakati huohuo MC alikuwa anatangaza kwamba sasa ni zamu ya wazazi wa pande zote mbili kusimama mbele kwa picha na kugonganisha glasi. Herman, kwa upande wa bwana harusi, alishainuka, anafunga kifungo cha koti. Apolonia pia aliinuka, ila alishukia upande wa pili, akakata katikati ya ukumbi na gauni lake la kuwasha, akapita watu wakimpisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Jilala. "Harusi nzuri."

"Mbona hamli?"

"Tumeshiba. Wabeja, ahsante."

Mzee wa pembeni yake, aliyekuwa na njaa ya wazi machoni, akamwinamia Apolonia. "Tulikuja na kadi sita, mama. Zimechukuliwa mlangoni. Hapa mezani tumerudishiwa moja. Tumemwambia Jilala ale yeye, ndiye mwenye mtoto. Amekataa kula sisi tukimtazama."

"Utaratibu wa watu ni utaratibu," Jilala alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Tulipatana hivyo na Noela. Kila mtu kwa kadi yake. Usihangaike."

Meza ya jirani ilikuwa ya vijana wa mgodini, wenzake Magesa, wamenyoosha masikio na vijiko hewani. Apolonia alielewa yote kwa mara moja. Akisema kwa sauti kwamba ile si ruhusa ya kula, kwamba ni orodha tu ya vyakula, vijana wale watacheka, na kicheko kitafika Kishapu kabla wazee hawajashuka kwenye gari: wazee sita walilala njaa kwa kuogopa menyu. Na kosa lao lilikuwa lipi? Walifundishwa na nani kwamba asiye na kadi hali? Na nani aliyesema iwekwe moja kila meza? Watu kumi wachungulie karatasi moja! Aliisikia sauti yake mwenyewe ya uani kwa Herman, akajiona mpumbavu kuliko Klara, kuliko MC, kuliko keki yenye ngazi.

Akaichukua kadi, akaitumbukiza kifuani.

"Hii ni yangu, kaka. Imewekwa hapa kwa makosa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale vijana. "Wajomba hawali kwa kadi wala hawapangi foleni. Mjomba analetewa."

Akaenda kwenye vyakula, akaipita foleni yote, na aliyetaka kulalamika akaangalia ile sura akaghairi. Alichukua sinia, akajaza pilau, akachagua nyama kwa mkono wake, kidari na mbavu, akarudi nalo kichwani kama alivyokuwa akiwabebea wachimbaji. Mbele ya Jilala akapiga magoti. Gauni likachanika ubavuni, trrr, na watu wakasikia.

"Mama mzazi wa bibi harusi!" MC aliita kwenye kipaza sauti. "Mama, tunakusubiri kwa picha! Shangwe!"

Apolonia hakugeuka. Alikuwa anamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa analitazama sinia, mikono bado magotini.

"Mwaka ule ulisema unakuja," Jilala alisema.

Kumbe alijua! Alijua kwamba ujumbe ulifika jikoni, kwamba dada yake aliusikia, na kwamba aliichagua sufuria. Miaka kumi na moja Apolonia alijipa moyo kwamba labda kaka yake anawalaumu walinzi. Akalisogeza sinia karibu zaidi na kaka yake.

Ndipo Kijakazi alipofika mbio kutoka jikoni. "Mama Skola, Salehe anasema njoo haraka! Pilau la sufuria ya pili linashika chini, ameacha moto mkali alipokwenda kupakua nyama. Anasema wewe ndiye unayejua kulifanya!"

Meza nzima ilisikia. Apolonia alijua hasa cha kufanya: toa makaa, weka kitambaa kibichi, usikoroge, dakika kumi pilau linarudi. Miguu yenyewe ilitaka kuinuka. Alikaza magoti sakafuni.

"Mwambie liungue," alisema.

"Mama?"

"Liungue. Niko na kaka yangu."

Kijakazi akaondoka. Jilala akaanza kukunja mkono wa shati, taratibu, mara mbili, mara tatu.

"Maji ya kunawa yako wapi?" aliuliza.

Apolonia aliwanawisha mwenyewe, mmoja mmoja, wote sita, machozi yakimchuruzika puani na mikono haina nafasi ya kuyafuta. Kule meza kuu Noela aliketi, akashika kijiko, akala kama mtu aliyetoka kulima.

Pilau liliungua kweli. Meza nne za mwisho kuitwa, za kamati na marafiki wa Herman waliojipanga mwisho ili wale kwa nafasi, zilipakuliwa ukoko mweusi, na mbele yao kadi yenye utepe ikiwaahidi viungo asilia. Klara alikula kimya, akitenganisha punje kwa zile kucha. Siku nyingine yoyote Apolonia angesafiri maili kumi kwenda kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Lakini alikuwa sakafuni, magotini, gauni limechanika, anasubiri. Jilala alifinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna bila haraka. Wazee watano wakasubiri naye. Akameza.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Ni kweli, kaka," alisema Apolonia.